Paris: pa kumpeleka mgeni bila mfuko kutoboka

Mgeni akija Paris, swali huwa lile lile: nitakula wapi chakula cha Kifaransa, mahali penye heshima yake, nisirudi nyumbani na deni? Jibu langu halibadiliki. Mgahawa wa Bouillon Chartier, namba 7, mtaa wa Faubourg-Montmartre, metro unashukia Grands Boulevards. Wenzangu wanaojiona wajuzi wa mji huniambia pale ni pa watalii. Watalii wapo, sikatai. Ila wapo pia wazee wa Kifaransa wanaokula peke yao na gazeti, na hao hawachezei mlo wao wa mchana.

Safari hii nilimpeleka mama mdogo, aliyekuja kunitembelea kutoka Moshi. Mama mdogo ameuza nafaka soko la Mbuyuni tangu sijazaliwa, kwa hiyo mambo ya bei humdanganyi. Tulipopita uani na kuingia ukumbini, akasimama. Dari liko juu kweli, lina vioo, na mwanga wa mchana unashuka mpaka kwenye sahani. Ukutani vioo vikubwa vya kujitazamia, taa za duara zinaning'inia, mbao zimesuguliwa zikang'aa, na juu ya meza kuna vichanja vya shaba vya kuwekea kofia na mizigo. Wahudumu wamevaa vizibao vyeusi na aproni nyeupe ndefu, wanapita mbio na sahani mpaka kwenye kiwiko. Akanivuta mkono.

"Mwanangu, hapa hela unayo?"

"Ninayo, mama. Kaa."

"Nakuuliza tena."

Nikampa menyu. Maneno yote Kifaransa, lakini tarakimu ni tarakimu. Akasoma safu ya bei kuanzia juu hadi chini, kisha ndipo akavua koti.

Mimi nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja upande wa stesheni ya treni ya Gare de l'Est. Vitambaa vya meza na leso za mgahawa wetu vinapita mikononi mwangu kila siku, na najua kitambaa cheupe kikimwagikiwa mvinyo kinakula sabuni, maji, umeme na mgongo wa mtu. Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichokipenda Chartier, kabla hata ya chakula, ni karatasi. Kila meza inatandikwa karatasi nyeupe. Ukiinuka, mhudumu anaikunja na makombo yako ndani, anatandika nyingine, na kabla hujamaliza kufunga koti lako mtu mwingine ameshaketi. Halafu kuna droo. Ukutani zimepangwa droo ndogo za mbao, kila moja na namba yake. Zamani wateja wa kila siku waliweka humo leso zao za kitambaa: unakula, unajifuta, unairudisha kwenye droo yako mpaka kesho. Aliyebuni hilo alijua kufua kunagharimu nini. Nilipomweleza mama mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika. Huyo mwenye duka, akasema, alikuwa mfanyabiashara.

Na kweli mtindo wenyewe wa bouillon, yaani mgahawa wa chakula rahisi cha bei nafuu, umetoka sokoni. Katikati ya karne ya 19 muuza nyama mmoja aitwaye Duval alianza kuwauzia wafanyakazi wa soko la Les Halles nyama ya kuchemsha na supu yake moto, kwa bei wanayoiweza. Wengine wakamwiga. Ndugu wawili wa ukoo wa Chartier wakafungua hapa mwaka 1896, kwa hesabu isiyo na siri: mapishi ya kawaida ya nyumbani, faida ndogo kwa kila sahani, watu wengi, meza isikae tupu. Jengo lenyewe tangu 1989 limo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya Ufaransa, kwa hiyo hakuna atakayekuja kung'oa mbao abandike plastiki. Kuna mchoro mkubwa ukutani wa mtu anayeitwa Germont, wa mwaka 1929, na inasimuliwa kwamba aliuchora kulipia deni lake la chakula. Mama mdogo akautazama kwa muda.

"Walimkopesha sahani ngapi huyu?"

Meza huchagui. Unakalishwa palipo na nafasi, hata na watu usiowajua, viwiko vinakaribia kugusana. Sisi tulikalishwa na mzee mmoja aliyekwisha anza kabichi yake chachu na soseji. Akatutakia mlo mwema. Mama mdogo akamsogezea kikapu chetu cha mkate, "Karibu, mzee wangu," kwa Kiswahili kabisa, kwa sauti ile ya nyumbani. Mzee alikuwa na mkate wake, lakini akachukua kipande.

Cha kuanzia nilimwagizia yai na mayonezi. "Nimepanda ndege nije nile yai la kuchemsha?" Nikanyamaza. Yai lenyewe, ambalo bei yake haifiki euro 4, linakuja limekatwa, limefunikwa mayonezi nzito ya manjano yenye ukali kidogo wa haradali, isiyofanana hata kidogo na ile ya chupa. Akala. Akapangusa sahani kwa mkate, kwenye sahani hakubakisha kitu, na habari ya ndege haikusikika tena. Konokono wapo pia kwenye menyu, hapo hatukugusa.

Kisha nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu ndani ya mvinyo mwekundu, na tambi fupi nene pembeni. Mchuzi wake ni mweusi karibu, unang'aa, unashika kwenye kijiko, na nyama inaachana kwa uma peke yake bila kisu. Mama mdogo akaomba pilipili. Mhudumu, mtu wa haraka lakini mwenye adabu, akasogeza kikopo cha haradali ya Dijon. Kabla sijasema neno ameshachota kijiko kizima. Ile kitu haipandi ulimini, inapanda puani. Macho yakamjaa machozi, akashika meza, mzee wa pembeni akammiminia maji. Alipopata pumzi akasema, "Inafaa," akaongeza tena, kidogo.

Bili ndiyo iliyomfurahisha kuliko vyote. Mhudumu anatoa kalamu, anakuuliza ulichokula, anaandika pale pale kwenye karatasi ya meza na kujumlisha mbele ya macho yako. Mama mdogo alikuwa anasoma kwa upande wa kichwa chini miguu juu, midomo inacheza. Wakamaliza pamoja. "Amepatia," akaniambia. Watu wawili, cha kuanzia, nyama, kitamu cha mwisho, kahawa moja, bila mvinyo: chini ya euro 50. Huduma imo ndani ya bei, kama ilivyo migahawani Ufaransa nzima. Usipoacha chenji hakuna atakayekununia. Na maji omba ya jagi, ya bomba, ni bure. Kuna mgahawa mmoja mtaa mwingine, sitautaja, niliwahi kuletewa chupa ambayo sikuiomba, na bei yake ilinikalia kooni kuliko samaki niliyemla.

Kama unakwenda: milango inafunguliwa saa tano na nusu asubuhi, na hawaweki nafasi kwa simu, unapanga foleni uani. Jumamosi jioni acha kabisa. Mchana wa saa tisa siku ya kazi ni mzuri, foleni haipo. Usiende ukitaka kukaa masaa matatu mnaongea mambo ya mapenzi. Kuna kelele, na meza inasubiriwa. Kitamu cha njugu za chestinati na krimu agizeni kimoja mle wawili. Ni kitamu kupita kiasi, na mama mdogo alikula chote peke yake.