Marahaba ya Bibi

Tanga, Jumapili usiku

Wiki ya tano tangu Bibi apatwe na kiharusi. Mkono wa kulia umelala tu mapajani, na maneno yote yamekwisha isipokuwa "hii, hii." Akitaka maji, hii, hii. Akitaka feni izimwe, hii, hii, na macho yanamtoka kwa hasira tunapomletea mto. Lakini mwamkie "Shikamoo Bibi", atakuitikia "Marahaba" safi kabisa, utadhani hajawahi kuugua. Jirani mmoja alitoka hapa jana akinong'ona mlangoni kwamba mzee anajitia tu. Nilimeza jibu langu kwa sababu ya umri wake.

Daktari alitueleza kwamba kwa wengi wetu, hasa tunaotumia mkono wa kulia, lugha inategemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Damu ikikosa njia hapo, vyote vinaweza kwenda pamoja. Salamu, kuhesabu, sala, yale tuliyoyasema mara elfu hata hatuyatungi tena, mara nyingi husalimika. Akatuonya pia: anatusikia na mengi anayaelewa, tusimjadili mbele yake kama kiti.

(Tulikuwa tunafanya hivyohivyo.)

Usingizi umekataa, nikasoma habari za Mfaransa mmoja, Leborgne. Alikaa hospitali ya Bicêtre, jirani na Paris, miaka 21, kila akiulizwa anajibu "tan, tan", mpaka wakamwita Tan. Akikasirishwa sana, tusi lilimtoka zima. Alipofariki mwaka 1861, daktari Paul Broca aliupima ubongo wake, akakuta umeharibika mbele, upande wa kushoto. Ubongo ule ulihifadhiwa, na Broca akapata jina. Mimi nimekwama kwenye ile miaka 21. Nani alikuwa anamwamkia?

Jioni, Mama alikuwa anamkanda mkono kwa mafuta ya nazi, akianza kasida polepole. Bibi akaidaka. Mstari mzima, maneno yote, sauti ikitetemeka kidogo mwishoni. Mama akanyamaza ili amsikilize, na Bibi naye akakatika palepale: hii, hii. Ikabidi Mama aimbe tena, huku machozi yanamdondokea mkononi.

Kabla ya kulala nikapita chumbani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

Mama akaniangalia. "We mtoto, leo umemwamkia mara ngapi?"

Mara saba.