Kanzira 34, sukuma 18: nilivyohesabu kromosomu Kisumu kwa hadubini ya kawaida

Mbegu ya kanzira, mboga ya majani ya ukoo wa kabichi, na ya sukuma wiki hazitofautiki kwa macho. Zote ni punje za duara, za kahawia, zisizozidi milimita mbili, na haradali ya majani nayo hufanana nazo. Anayenunua mbegu za kienyeji kwa kikombe sokoni Luanda au Kibuye hujua alichonunua majani yakishapanuka, wakati ardhi na mbolea vimekwisha kutumika. Kwa mpishi hilo si neno. Kwa mtu anayezidisha mbegu ili awauzie wengine ni hasara, kwa sababu mchanganyiko wa msimu mmoja huendelea kuzaana msimu unaofuata. Niliamua kuzipima mbegu kabla hazijaingia shambani, na kipimo nilichokiona cha kuaminika na cha bei nafuu ni kuhesabu kromosomu, vile vijiti vidogo ndani ya seli vinavyobeba urithi wa mmea.

Hesabu yenyewe inatokana na historia ya ukoo huu. Sukuma wiki, kabichi, brokoli na koliflawa ni spishi moja, Brassica oleracea, yenye kromosomu 18. Seti yake ya kromosomu wataalamu huiita jenomu C. Haradali nyeusi, Brassica nigra, ina 16, nayo ni jenomu B. Kabichi ya Kichina na shalgamu ni Brassica rapa, 20, jenomu A. Zamani chavua ya spishi moja iliangukia nyingine, chotara akazaliwa, seti zake za kromosomu zikajirudufu, na spishi mpya ikasimama kwa miguu yake. Kanzira, Brassica carinata, ni B na C pamoja: 16 na 18, jumla 34. Haradali ya majani, Brassica juncea, ni A na B, 36. Rapa ya mafuta ni A na C, 38. Mpangilio huu ulielezwa mwaka 1935 na Nagaharu U, na mpaka leo huchorwa kama pembetatu. Kwa hiyo nusu ya kanzira ni ndugu wa sukuma kabisa. Kloroplasti zake (chembe za kijani ndani ya seli), ambazo hurithiwa kwa mama, zinafanana na za haradali nyeusi, maana yake katika ndoa ile ya kale sukuma ndiye aliyekuwa baba.

(Saga, ambayo Wajaluo huiita dek na Wakisii chinsaga, haimo katika hesabu hii. Ni ya familia ya jirani, Cleomaceae, na mbegu yake yenye mikwaruzo huitambua hata mtoto.)

Nilianza na mizizi. Mbegu huoteshwa juu ya tishu iliyoloweshwa, ndani ya kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kivulini. Kwa joto la Kisumu mizizi hutoka siku ya pili, na kufikia siku ya tatu ina urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu. Hapo ndipo pa kukata. Mzizi uliozidi sentimita tatu seli zake hugawanyika kwa uvivu, nawe utazunguka slaidi nzima bila kupata seli moja ya maana. Maji yasitwame: mzizi uliozama hukosa hewa na ncha yake hugeuka rangi ya chai. Ncha nzuri ni nyeupe kama maziwa. Mimi hukata kati ya saa tatu na saa tano asubuhi.

Hatua inayofuata ndiyo niliyoikosea mara nyingi kuliko zote. Kromosomu huhesabika seli ikiwa metafasi tu, yaani hatua ya kugawanyika ambapo kromosomu zimejikunja na kujipanga katikati ya seli, na kwa kawaida seli haikai hapo. Inabidi nyuzi zinazovuta kromosomu zivunjwe ili seli zirundikane katika hatua hiyo na kromosomu zifupike. Dawa niliyoanza nayo ni haidroksikwinolini, gramu 0.29 kwa lita moja ya maji, ikiyeyushwa polepole kwa maji ya nyuzi 60 na kuwekwa katika chupa ya rangi nyeusi. Mizizi hukaa humo saa tatu hadi nne, lakini kwa nyuzi 16 hadi 20. Nakuru, iliyo zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, joto hilo hupatikana mezani asubuhi. Kisumu mchana ni nyuzi 28 na zaidi, na nilipoiacha mezani kromosomu zilinatana zikawa bonge moja. Suluhisho likawa barafu. Ufukweni Dunga barafu ya samaki haikosekani, na maji ya barafu peke yake, bila dawa yoyote, hufanya kazi ileile yakikaa karibu na nyuzi sifuri kwa saa 20 hadi 24. Ninajaza thermosi barafu iliyopondwa na maji kidogo, mizizi ikiwa ndani ya kichupa kilichofungwa, na jioni naongeza barafu. Nimeacha dawa kabisa.

Baada ya barafu, mizizi huingia moja kwa moja katika ethanoli safi sehemu tatu na asidi kali ya asetiki sehemu moja, kwa saa 24. Changanya siku hiyohiyo, kwa kuwa vimiminika hivi viwili huanza kubadilika kikemia vikikaa pamoja, na mchanganyiko wa wiki iliyopita hauuwi seli kwa ghafla inavyotakiwa. Spiriti ya dukani haifai. Ina maji na rangi, na mizizi hutoka laini kama ugali mbichi. Usipofanya slaidi siku hiyo, hamishia mizizi katika ethanoli ya asilimia 70 na uiweke kwenye friji, isubiri huko wiki kadhaa.

Kisha asidi ya kulainisha. Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 37 ni takriban nomali 12 (kipimo cha ukali wa asidi), hivyo mililita 8.3 zikifikishwa mililita 100 kwa maji huwa nomali 1. Asidi ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kamwe si kinyume chake, na miwani ivaliwe. Mizizi hukaa humo dakika nane kwa nyuzi 60. Sina bafu ya maji ya umeme. Thermosi yenye mdomo mpana iliyojazwa maji ya nyuzi 61 hushikilia joto kwa dakika hizo bila shida. Zikipita dakika kumi na mbili, ncha hukatika unapoishika na rangi haishiki vizuri. Zikiwa tano, seli hazitengani na kila kromosomu hulalia mwenzake.

Rangi ni orseini gramu 2 katika mililita 100 za asidi ya asetiki ya asilimia 45, yaani mililita 45 za asidi kali na 55 za maji, ikichemshwa taratibu mahali penye upepo na kuchujwa baada ya kupoa. Usipoichuja, chembe zake nyekundu hugeuka kromosomu za uongo. Suuza mzizi, uweke juu ya slaidi, kata milimita moja ya ncha na utupe yote iliyobaki. Watu wengi huona uchungu kutupa, lakini seli zilizokomaa hunyanyua kioo cha juu na kuharibu ukandamizaji. Weka tone moja la rangi, subiri dakika kumi, funika, gongagonga kwa nyuma ya penseli yenye raba, pitisha juu ya moto wa spiriti mpaka uhisi uvuguvugu mgongoni mwa mkono, halafu funika kwa karatasi ya kuchujia na ukandamize kwa kidole gumba, wima. Kioo kikiteleza hata kidogo seli huviringika kama tambi. Slaidi hiyo iache, anza nyingine.

Kromosomu za ukoo huu ni ndogo sana, mikroni chache tu. Lenzi ya 40 hukuonyesha seli ilipo, ila kuhesabu ni kwa lenzi ya 100 na mafuta yake. Piga picha kwa simu kwenye kiangalio, kisha uhesabu juu ya picha huku ukiweka nukta kila unapopita. Mwenzako naye ahesabu bila kuambiwa jibu lako.

Sukuma, zikiwa 18, hazisumbui. Taabu ni kati ya 34 na 36. Kromosomu mbili zikilaliana unapata 33. Moja ikitoka nje ya seli iliyopasuka, pia unapata 33. Upande wa juu, kromosomu chache zina kipande kinachoshikwa na uzi mwembamba, na uzi huo ukivutika kipande huonekana kama kromosomu ya ziada. Kwa hiyo wastani hauna maana yoyote hapa. Ninachotafuta ni idadi inayojirudia katika seli zilizo kamili, zenye mpaka unaoonekana, na seli yenye shaka siihesabu hata ikiwa ya kuvutia namna gani.

Hapo ndipo nilipohamia kwenye vitumba vya maua kila nilipokuwa na mmea uliokwisha kukua. Katika seli mama za chavua, zile zinazogawanyika kutengeneza chavua, kromosomu hujipanga jozi kwa jozi, kwa hiyo kanzira huonyesha jozi 17 na haradali ya majani jozi 18, kubwa na zilizotawanyika vizuri. Kitumba kinachofaa ni cha milimita mbili hivi. Kilichoanza kuonyesha njano kimechelewa. Huwekwa katika mchanganyiko uleule wa tatu kwa moja, kisha vifuko vya chavua hutolewa kwa sindano mbili na kupondwa ndani ya tone la asetokamini, gramu 1 kwa mililita 100 za asetiki ya asilimia 45. Ncha ya sindano yenye kutu kidogo huikoleza rangi hiyo.

Njia hii ya vitumba haifai kwa sukuma ya Kisumu kwa sababu haitoi maua. Kabla sukuma haijachanua inahitaji wiki kadhaa za baridi ili jeni iitwayo FLC, inayozuia maua, inyamazishwe, na joto la kando ya ziwa haliinyamazishi. Kanzira huchanua bila kudai baridi. Basi sukuma hupimwa kwa mizizi, kanzira kwa vyote viwili.

Kuna idadi mbili nyingine ambazo ukiziona usidhani umekosea kuhesabu. Ya kwanza ni 35, chotara wa kanzira na haradali ya majani, kwa kuwa kila mzazi hutoa nusu ya kromosomu zake: 17 kutoka huku na 18 kutoka kule. Ya pili ni 26, kanzira na sukuma, 17 na 9, ambayo ni adimu. Katika vitumba vya machotara hao kromosomu zisizo na mwenzi huzagaa nje ya mstari, na chavua inayotokana nazo ni kavu. Kipimo chake ni chepesi: kung'uta chavua ya ua lililofunguka ndani ya asetokamini. Punje nzima hujaa rangi na huwa duara, punje tupu hubaki nyeupe na kunyauka. Ua likionyesha tupu nyingi, mmea huo ung'olewe kabla nyuki hawajaufikia.

Swali la mwisho ni mbegu ngapi za kupima. Nilianza na tano kwa kila mfuko, nikaacha baada ya kupiga hesabu: mfuko wenye mbegu ngeni moja katika kila kumi utapita kipimo cha mbegu tano, bila kugunduliwa, karibu mara 59 katika 100. Ukipima 20 utapita mara 12. Ukipima 30, mara 4 tu. Sasa naotesha 40 ili nibaki na mizizi mizuri 30, seli tatu safi kwa kila mmoja, kazi ya siku mbili mezani baada ya barafu. Mfuko ukitoa 34 tupu unakwenda kitaluni. Ukitoa hata 36 moja, naupanda mbali na kanzira nyingine na kungoja maua, niukague mmea mmoja mmoja kwa vitumba.