Telemetria Haikuyaona Mafaili Yaliyopotea

Kompyuta nyingi ninazozihudumia katika steshenari za Kirumba na Igoma, hapa Mwanza, hupata intaneti kupitia simu ya mwenye duka, kwa bando lililonunuliwa asubuhi na linalotarajiwa kufika jioni. Ndiyo maana ninapoeleza telemetria, yaani taarifa ambazo programu hujikusanyia kuhusu utendaji wake na kuwatumia walioitengeneza, swali la kwanza huwa ni nani anayelipia kutumwa kwake. Swali hilo ni la haki. Langu ni jingine: je, taarifa hizo zinaiboresha programu kama tunavyoahidiwa?

Kwa sehemu, ndiyo. Tangu Windows XP ya mwaka 2001, ripoti za programu kuzimika ghafla zimewasaidia wahandisi wa Microsoft kutambua hitilafu zinazowakumba watu wengi na kuanza na hizo. Mwaka 2014, hata hivyo, kampuni hiyo ilipunguza wafanyakazi wengi, wakiwemo wajaribu wa programu, na mwaka huohuo ikaanzisha mpango wa Insider, ambamo watumiaji wanaojitolea hupokea matoleo yasiyokamilika na kutoa maoni.

Tarehe 2 Oktoba 2018 ilitolewa Windows 10 toleo la 1809, na siku chache baadaye usambazaji wake ukasitishwa kwa sababu lilikuwa likifuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Waliohamishia folda ya nyaraka kwenye diski nyingine, huku mafaili ya zamani yakibaki mahali pa awali, walikuta folda ile ya awali imefutwa pamoja na vilivyomo. Microsoft ilisema walioripoti tatizo hilo walikuwa asilimia 0.01 tu, na baadhi ya Insider walikuwa wameliripoti kabla ya toleo kutoka, lakini ripoti zao zilizama katikati ya nyingine nyingi. Naona kiini cha jambo kiko hapa: programu haikuzimika wala haikutoa ujumbe wa kosa, bali ilitekeleza ilichoagizwa, na kipimo kinachohesabu kuzimika hakiwezi kujua kwamba kilichofutwa kilikuwa tasnifu ya mtu. Mjaribu mwenye uzoefu, aliyepewa muda wa kuhamisha folda na kuangalia kilichobaki, angeliona. Toleo lilirudishwa tarehe 13 Novemba, na watumiaji wakapewa nafasi ya kueleza ukubwa wa madhara wanaporipoti.

Kuna na wasiohesabiwa kabisa. Kompyuta isiyoingia mtandaoni haitumi chochote, hivyo matatizo yake hayamo katika takwimu za mtu yeyote.

Kuhusu faragha, mwaka 2016 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, iliiagiza Microsoft iache kukusanya taarifa kupita kiasi kupitia Windows 10. Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ingawa sijakutana na mteja aliyeitaja.

Mimi huweka telemetria katika kiwango cha chini, baada ya kumwonyesha mwenye kompyuta, kwa programu ya Microsoft yenyewe ya kutazama taarifa za uchunguzi, kile kinachotumwa. Akitaka hata hicho kizimwe, humweleza kwamba mipangilio ya kawaida ya Windows 10 Home haina kitufe hicho.