Barafu ya samaki ilivyokiokoa kikombe changu cha Teflon

Mimi si bingwa. Ni mwanafunzi wa shahada ya pili niliyeng'ang'ania kutengeneza salfaidi ya shaba ya chembe za nano, yaani ndogo mno, na chombo kidogo tu kikataka kunirudisha nyumbani.

Kazi yenyewe haina maajabu. Unayeyusha kloraidi ya shaba na thiourea, kemikali yenye salfa, kwenye maji yaliyokenekwa, unamimina kwenye kikombe cha Teflon, plastiki ile ya vikaango visivyogandisha, unakifungia ndani ya gamba lake la chuma, unatia kwenye oveni. Thiourea inavunjika polepole, inaachia salfa kidogo kidogo, shaba inaidaka. Nyuzi 150, kwa muda wa saa kumi na mbili. Usijaze kikombe, changu ni cha mililita 100, mimi siendi zaidi ya 70.

Sasa, umeme ukawa unakatika, kila mara kazi ikiwa imefika saa ya tisa au ya kumi. Kaka mmoja aliyenitangulia maabara akaniambia, "Dogo, saa kumi na mbili za nini? Panda nyuzi 240, kwa saa nne tu umemaliza. Ukitoa, poza kwa maji ya bomba." Nikamwamini, maana anavaa miwani na keshachapisha makala.

Mwisho wa joto la kikombe kile ni nyuzi 220. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja na chombo, karatasi niliyoikunja mwenyewe nikazuia mguu wa meza usiyumbe. Halafu kwa nyuzi 180 mvuke unasukuma kama mara kumi ya hewa ya nje. Kwa 240 ni zaidi ya mara thelathini. Kulipuka hakikulipuka, namshukuru Mungu. Kilivuja. Harufu ya mayai viza ikatembea korido nzima, jirani akapiga simu kwamba choo kimeziba. Tulifungua madirisha tukatoka nje, na wewe fanya hivyo hivyo: gesi ile ni sumu, na ikizidi pua inaacha kuisikia, unadhani imekwisha kumbe ipo.

Ndani nilikuta tope jeusi lisilo na umbo. Hilo si kitu. Balaa ni kwamba kikombe kilikuwa kimevimba na kung'ang'ania ndani ya chuma. Nikagonga, nikavuta, nikapaka mafuta. Nikakipeleka kwa fundi mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, akakigeuzageuza, akasema, "Hiki tunakichoma na gesi, kinatoka chenyewe." Nikakinyakua nikakimbia. Teflon ikiungua moshi wake haufai, na ikipashwa moto ndiyo kwanza inazidi kuvimba.

Ndani ya basi la mwendokasi ndipo akili ikaja. Kama inavimba kwa joto mara saba hivi kuliko chuma, basi kwa baridi itasinyaa mara saba vilevile! Mimi nakaa Kigamboni, kila asubuhi nashuka pantoni pale Feri, kwenye soko la samaki, na Feri barafu haikosekani. Kesho yake nikaenda na ndoo kwa mama muuza barafu.

"Mwanangu, samaki wako wapi?"

"Sina samaki, mama. Nina chuma."

Akanitazama, akaniongezea sepetu moja ya huruma. Barafu ilikuwa kama elfu mbili, chumvi ya mawe sijui mia tano. Usisahau chumvi: barafu peke yake inaishia sifuri, ukichanganya na chumvi inashuka chini ya hapo sana. Nikapanda mwendokasi na ndoo inayochuruzika kwenye viatu vya watu, nikisingizia kuwa kuna msiba.

Nikakifunga chombo kwenye mfuko wa plastiki, nikakizika ndani ya barafu, nikaenda kula. Niliporudi nikakipindua, nikagonga kwa mpini wa nyundo mara mbili. Plop! Kikombe mezani. Nilipiga kelele mpaka Dokta akachungulia.

Nilirudi kwenye nyuzi 150, nikapanga matofali mawili ndani ya oveni yashikilie joto umeme ukikatika kidogo, na kikiiva nakiacha kipoe chenyewe mpaka asubuhi. Unga ukatoka wa bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Osha kwa maji, kisha spiriti safi, kausha kwa nyuzi 60. Kwenye hadubini ya elektroni yakaonekana maua, petali juu ya petali, mazuri kuliko ya harusini.

Juzi yule kaka kaja kuniuliza, kwa sauti ya chini, Feri barafu wanauza kuanzia saa ngapi.