Siku moja dukani Kariakoo: vilivyouzwa na vilivyoulizwa

Saa 12 asubuhi nipo kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama. Hapo hakuna la kusimulia. Nashuka Msimbazi Polisi, nanywa chai na chapati kwa mama ntilie, na saa 1 na nusu nipo mlangoni kwetu.

Tunauza vifaa vya umeme vya nyumbani, jumla na rejareja. Mimi nauza, ila ndiye pia ninayemwandalia bosi orodha ya mzigo unaofuata. Daftari langu lina kurasa mbili kwa kila siku: kushoto vilivyouzwa, kulia vilivyoulizwa tukawa hatuna. Wenzangu wananicheka. Lakini mauzo yanakuambia ulikuwa na nini dukani, basi. Ukiuza friji ndogo kumi, huenda wote kumi walitaka kubwa kidogo, wakaondoka na iliyokuwepo.

Saa 2 tunapanga mbele. Ni Januari 2026, joto la kaskazi limekolea, kwa hiyo feni za kusimama zinakaa mlangoni na mapangaboi yananing'inia juu. Pasi na majagi ya kuchemshia maji ndani. Januari ni mwezi wa ada za shule: watu wanauliza sana, wananunua kwa kuchagua. Anayeota kiyoyozi anaondoka na feni.

Saa 3 mawinga, wale madalali wanaomtafutia mteja bidhaa duka kwa duka, wanaanza kuingia. "Dada, una blenda yenye jagi la kioo? Mteja nimemwacha pale kona." Winga hapotezi muda na kitu kisichotakiwa, kwa hiyo nikisikia mawinga watatu wanataka kitu kimoja kabla ya saa 4, naandika kulia kwa wino mwekundu.

Saa 5 ndipo siku inapochangamka. Ameingia mama mmoja kutoka Chanika na binti yake, wanatafuta friji. Zamani swali la kwanza lilikuwa bei, la pili chapa. Siku hizi, kabla hata hajagusa mlango: "Hii inakula uniti ngapi?"

"Shikamoo mama. Angalia hii stika." Imeandikwa 219 kWh, ndizo uniti hizo, kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, unapata 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Yeye yuko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, ambako uniti moja pamoja na kodi na tozo imekuwa shilingi 122. Kwa hiyo friji itamla kama shilingi 2,200. Akihamishiwa kundi la kawaida, la shilingi 356, friji ileile ni zaidi ya 6,400, na kila kitu kingine nyumbani kimepanda pamoja nayo. Hofu yake ni huo mstari wa 75, na nadhani ndiyo inayoendesha nusu ya biashara yetu sasa hivi, kuliko matangazo yote ya ukutani.

Nikamwambia pia ukweli ambao wauzaji wengi wanaumeza: stika imepimwa kwenye chumba cha majaribio. Kwa joto la Dar, na watoto wanafungua kila dakika, itakula zaidi. Ila adui wake mkubwa ni jagi la kuchemshia maji la wati 2,000. Nusu saa tu, uniti imekwenda. Binti akacheka, maana jagi ni lake. Wamechukua friji na friji gadi ya kuilinda umeme ukipanda na kushuka, kirikuu kikawapeleka.

Saa 7 wali maharage, harakaharaka.

Saa 8 nimetumwa stoo, nikakutana na yale maboksi ya taa na feni za kuchaji. Yaliagizwa kipindi cha mgao wa umeme, mwishoni mwa 2023, watu walipokuwa wanagombania chochote chenye betri. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ukaanza kuzalisha, na bwawa zima lina uwezo wa megawati 2,115. Maulizo yakapungua, kontena letu likiwa bado baharini. Umeme unakatika bado mtaa kwa mtaa, na taa mojamoja inatoka, lakini si kwa kasi ya kumaliza stoo.

Saa 9 wamepita wanne kwa nyakati tofauti kuulizia jiko la presha la umeme. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034, na redio zinaimba hilo. Kwa ninavyoona mimi, redio haijamleta mteja hata mmoja. Wanaletwa na jirani aliyepika maharage mbele yao bila kufikisha uniti moja. Mmoja alitaka nipike palepale dukani. Wazo si baya.

Saa 10 na nusu mfanyabiashara wa Morogoro, mzigo wa jumla, pasi na balbu. Risiti ya EFD, kamba, guta.

Saa 12 jioni bosi amepiga simu kutaka orodha. Viwanda vya China vinafunga kwa mwaka mpya wao, Februari 17, na Ramadhani inaingia wiki hiyohiyo, kwa hiyo blenda ambazo hazijapakiwa mpaka leo tusizihesabu kwa futari. Tukabishana kuhusu televisheni. Kombe la Dunia linaanza Juni huko Marekani, Kanada na Meksiko. Yeye anataka inchi 55, za vibanda umiza vya kuonyeshea mechi. Nikamwambia mechi nyingine kwetu zitachezwa saa 10 alfajiri. Nani atakwenda kibanda umiza saa hizo? Watu wataangalia sebuleni kwao, na sebule za Mbagala na Gongo la Mboto ni za inchi 32 na 43. Ukurasa wa kulia nao unasema 43.

Amekubali 43 ndizo ziwe nyingi, 55 chache za kupamba ukuta. Feni za kuchaji hakuzitaja. Majiko ya presha ameniuliza lita ngapi. Nimemwambia sita: wanaouliza wana familia.