Wasifu wa bibi, na ng'ombe sita waliouzwa bila ruhusa

Bibi alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, mazishi yakapangwa Jumamosi. Kwenye kikao cha kwanza pale kijijini kwetu Ngarenanyuki, Arusha, chini ya turubai, kazi ziligawanywa haraka: huyu chakula, yule usafiri, vijana kaburi, shangazi daftari la rambirambi. Ukabaki wasifu wa marehemu. Baba mkubwa akanitazama.

"Wewe si ndiye mwenye stesheneri mjini? Utaandika."

Sikubisha. Dukani kwangu Sanawari nachapa wasifu wa marehemu karibu kila wiki. Nina faili tayari kwenye kompyuta: kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, ndoa, kazi, ugonjwa, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi, kisha Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mteja analeta karatasi, najaza nafasi, dakika ishirini tumemaliza. Nikafungua faili hilo, nikaandika jina la bibi, nikafika kwenye mwaka wa kuzaliwa. Hapo hapo nikakwama.

Kitambulisho cha taifa kilisema 1 Julai 1940. Lakini mume wake naye ni 1 Julai, jirani yetu 1 Julai, na mzee wa kanisa aliyekuja kutupa pole ni 1 Julai. Ungedhani kijiji kizima kilizaliwa siku moja. Kadi ya ubatizo ya bibi ililiwa na mchwa zamani, na watoto wake kila mmoja alikuwa na mwaka wake. Shangazi alisema 1938, baba akasema 1945, wakaanza kubishana.

Nilichokuwa nacho ni hadithi moja aliyotusimulia tangu tukiwa wadogo. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 hapo Ngarenanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe wa nyama. Nyumba zikachomwa moto, watu wakapelekwa King'ori. Mwaka uliofuata msemaji wa Wameru, Kirilo Japhet, alikwenda mpaka New York kuieleza kesi hiyo Umoja wa Mataifa. Hayo ndiyo ya vitabuni. Ya bibi ni kwamba alitoka na mdogo wake mgongoni, huku akiswaga ndama wawili kwa fimbo ndefu kuliko yeye mwenyewe. Ng'ombe wengi walikufa walikopelekwa, na mmoja wa ndama wale alikuwa miongoni mwao. Mpaka mwaka jana bibi bado alikuwa anamdai Mwingereza ndama wake.

Huyo mdogo wake yu hai, anaishi Leguruki. Nikampigia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa, babu. Nauliza, kadi yako ya ubatizo unayo?"

Akamtuma mtoto akaitoe sandukuni. Alibatizwa mwaka 1949, akiwa mchanga. Basi mwaka 1951 alikuwa na umri wa miaka miwili hivi. Nikajiuliza msichana wa kumbeba mtoto wa miaka miwili kutwa nzima na bado akachunga ndama ana umri gani. Si wa miaka sita huyo. Nikaandika "takriban mwaka 1942", na nikampigia baba na shangazi kuwaeleza hesabu yangu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo walikubaliana. Ndoa haikunisumbua, kwa sababu kila mtu alijua aliolewa mwaka wa Uhuru, wakati mvua zilipokataa kukatika na washenga wakavuka mto wamejishika kamba.

Nikafika kwenye "kazi". Vidole vyangu, kwa mazoea, vikachapa "mama wa nyumbani".

Nikayaangalia maneno yale. Nimewachapia akina mama wangapi maneno yale, Mungu anisamehe.

Bibi aliamka saa kumi alfajiri kila siku ya maisha yake niliyoishuhudia. Alikamua, akapitia zizi zima akiwapapasa ng'ombe chini ya masikio, maana tezi zikivimba pale ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, inaanza, na ukisubiri mpaka mnyama aache kula umeshachelewa. Babu, mume wa bibi, alikuwa mchungaji wa ng'ombe kwenye shamba la mlowezi kabla ya Uhuru, na huko ndiko alikojifunza habari za kupe na josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa. Lakini aliyeifanya iwe sheria nyumbani ni bibi. Siku ya josho hakuna aliyekwenda popote, hata kama ni harusi. Kwetu husemwa ng'ombe ni wa baba, maziwa ni ya mama, na bibi aliyashika maziwa yake kisawasawa. Kulikuwa na ng'ombe mwekundu aliyeitwa Benki. Ada ya shule ya baba yangu na ndugu zake wanne ilitoka kwenye kiwele cha Benki na cha binti zake. Serikali ilipoleta utaratibu wa hereni za mifugo, bibi alicheka mpaka akakaa chini. "Nimezaa wasichana wanne sijawanunulia hereni, leo ng'ombe wanavishwa!"

Nikafuta "mama wa nyumbani", nikaandika "mfugaji".

Alhamisi jioni nikausoma wasifu kikaoni. Baba mkubwa akanyoosha mkono. "Hapo pa mfugaji rekebisha. Mfugaji ni mzee. Mama alimsaidia." Baadhi ya wazee wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikanyamaza, maana msibani, mbele za watu, mtoto hamkatalii baba mkubwa. Nikasema nimesikia. Kusikia si kukubali, lakini hilo sikulisema.

Usiku nikamfuata babu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi, blanketi begani, kama alivyokuwa akikaa na bibi kungoja ng'ombe watulie. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikamwomba nimsomee. Nikamsomea yote, pamoja na neno lililokataliwa. Alikaa kimya muda mrefu nikadhani amesinzia.

"Umesahau ukame," akasema.

Alikuwa anasema ukame wa 2009. Mwaka ule babu aliswaga ng'ombe arobaini upande wa Sanya Juu kutafuta malisho, akamwachia bibi wa maziwa kumi na wanne. Kabla ya kuondoka walibishana. Bibi alitaka wauze mapema, wakati mnyama bado ana nyama mwilini na mnunuzi bado ana moyo. Babu alikataa, akasema mvua ziko njiani. Wiki mbili baadaye bibi akapeleka sita mnadani peke yake. Fedha zile akanunua mabua ya mahindi, pumba na mashudu, akawalisha wanane waliobaki kwa kipimo cha kopo, asubuhi na jioni, kama mgonjwa anavyopewa dawa. Kijijini walisema mke wa fulani amemuuzia mume wake mifugo. Wengine walimwonea babu huruma.

Babu alirudi na watano.

"Wiki nzima sikusema naye," akaniambia. "Nilikuwa na hasira, sijui na nani. Siku ya nane akanipa uji, akaniambia mzee, twende ukaone wanane wako. Hakusema wangu. Alisema wako." Akanyamaza kidogo. "Hawa wote unaowasikia humo ndani wametoka kwa wale wanane. Andika aliniuzia ng'ombe sita bila ruhusa."

"Babu, nisome hivyo mbele ya mchungaji?"

"Hata mbele ya askofu. Na hilo la mfugaji liache."

Asubuhi alimwita baba mkubwa, wakaongea wawili tu nyuma ya nyumba. Sijui waliongea nini. Baba mkubwa alipopita karibu yangu alisema tu, "Umeshapita kwa mzee," basi.

Kilichobaki kilikuwa muda. Mchungaji alitupa dakika tano, naye huwa hatanii. Nikasoma kwa sauti nikijipima kwa simu. Ya kwanza ilikuwa dakika tisa. Nikakata safari za hospitali zote isipokuwa mstari mmoja, nikakata orodha ya nyadhifa za watoto (hapo nilijitafutia maadui), nikabakiza ukurasa mmoja na nusu. Nikachapa herufi kubwa, za ukubwa wa 16, kwa sababu machozi yakija herufi ndogo hazionekani. Nakala ya pili nikampa binamu yangu, akae ubavuni kwangu ili nikishindwa aendelee kutoka neno lile lile. Kwa anayepewa kazi hii, hilo la nakala ya pili lina faida kuliko yote niliyofanya.

Jumamosi mwili ulitoka mjini asubuhi. Njia ya kwetu hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na gari lilisimama kabisa kumpisha twiga aliyekataa kuondoka barabarani. Shangazi akasema bibi angemchapa fimbo.

Nilisoma vizuri mpaka kwenye ndama wa King'ori. Pale sauti ikakatika, binamu akapokea. Nikaupokea tena kwenye ukame, kwa kuwa hicho kipande nilitaka kukisoma mwenyewe. Niliposema "aliuza ng'ombe sita bila ruhusa ya mumewe", kulikuwa na kimya cha kama sekunde mbili, halafu akina mama waliokuwa nyuma wakaangua kicheko, na mzee mmoja akaitikia "Ameni" kwa nguvu. Babu alikuwa mbele, akigonga fimbo yake chini taratibu.

Kuna jambo moja tu halikukaa sawa. Fundi wa msalaba alinakili tarehe kutoka kwenye kitambulisho, kwa hiyo msalabani ni 1 Julai 1940, na kwenye wasifu ni takriban 1942. Nilitaka arudi aandike upya. Babu akaniuliza rangi ni shilingi ngapi, nikamtajia.

"Acha," akasema. "Hiyo ni pumba ya siku nne."