Tangazo la zamu mpya: jinsi lilivyoeleweka hatimaye

Niko ofisi ya utumishi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Tulisogeza mwanzo wa zamu ya usiku kutoka saa 2 hadi saa 1, na kila wiki watu wa Buhongwa na Kisesa walifika kwa saa ya zamani.

Tangazo ubaoni halikusaidia. Picha kwenye WhatsApp ilizama chini ya salamu. Kikao cha asubuhi, wa usiku wameshalala!

Kilichofaa ni barua ya ukurasa mmoja kwa kila mtu, pamoja na karatasi ya mshahara. Juu kabisa: “Zamani: saa 2:00 usiku. Sasa: saa 1:00 jioni.” Sababu chini.

Lakini dawa hasa ilikuwa tarehe. “Kuanzia Jumatatu” kwa anayeingia Jumapili na kutoka Jumatatu ni usiku upi? Nikaandika: “Zamu ya kwanza ni ya kuingia Jumatatu jioni.” Maswali yakaisha, yakabaki ya posho ya usiku tu. Hayo nayo yana haki: kisheria usiku huanza saa 2, na nyongeza ni angalau asilimia 5. Nikaongeza mstari wake.

Sheria ya Ajira ya 2004 nayo inadai mabadiliko ya masharti yaandikwe, baada ya kushauriana na mfanyakazi. Kipande cha barua chenye sahihi ya mfanyakazi kinarudi kwa msimamizi wa zamu.